Kabla hujang'oa kabureta: ya kuangalia ukitaka kuiweka pikipiki injeksheni mwenyewe nyumbani

Watu wengi wakipata hili wazo wanakimbilia ECU kwanza, yaani kompyuta inayoendesha injini, wanauliza kati ya zile za kujifungia mwenyewe, Speeduino au MegaSquirt, ipi nzuri, wanaagiza, boksi likishafika ndo wanagundua pikipiki haina umeme wa kulilisha. Mi nasema ECU iwe kitu cha mwisho kununua, we anza na umeme.

Kabureta haidai umeme wowote, mafuta yanashuka yenyewe toka tangini. Injeksheni, yaani mafuta kupulizwa na injekta inayoamriwa na ECU, inataka pampu inayokula kama ampia 3 muda wote injini inawaka, ongeza injekta, ongeza ECU yenyewe, ongeza hita ya sensa ya oksijeni, ukijumlisha unakaribia wati 60 na bado taa hujawasha. Pikipiki nyingi ndogo hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Kipimo chake ni rahisi, subiri giza liingie, washa injini iache sailensa (ingurume taratibu bila kuvuta mafuta) afu angalia taa kubwa. Kama inafifia, ukivuta mafuta inang'aa, na ukizima injini haiwaki kabisa hata funguo ikiwa on, ujue taa inachukua moja kwa moja kwenye koili za magineti na betri inaambulia nusu tu ya umeme. Hapo itabidi kifuniko cha magineti kifunguliwe, ule mwisho wa koili uliofungwa athi kwenye bodi uchomolewe na kuvutiwa waya wake nje, nyaya zote mbili ziende kwenye rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa magineti uweze kuchaji betri) inayotumia wimbi zima, na taa ihamie kwenye betri. Ukimaliza shika mita. Betri iliyopumzika isome kama volti 12.6, injini ikiwa sailensa na taa zote zinawaka isome juu ya 13, ukivuta isipite sana 14.5. Usipime ukiwa unaendesha kasi ukaridhika, maana foleni ya Mwenge saa kumi na mbili jioni ni sailensa mwanzo mwisho, na hapo ndo betri inaisha. Na usitegemee kiki, betri ikifa kabisa pampu haizunguki hata uisukume mpaka Lugalo.

Jiulize pia unaitakia nini. Sifa kubwa ya injeksheni ni kujirekebisha hewa inapopungua mlimani, ila Dar iko usawa wa bahari, kabureta iliyosetiwa hapa inakaa sawa mwaka mzima. Kama unapanda Mbeya kwenye mita kama 1,700 hapo utaiona tofauti. Kama safari zako ni Tegeta na Posta tu, basi fanya kwa kupenda ufundi na kupunguza ulaji kidogo, sio kwa sababu kabureta inasumbua. Kabureta inayosumbua mara nyingi inataka kusafishwa tu, na injini yenye ringi zilizokwisha au valvu zisizo na uwazi sahihi itakusumbua vilevile na kompyuta juu. Ziba kwanza matundu ya ekzosi pia, hewa ikiingia pale sensa ya oksijeni inadhani mafuta ni machache na ECU inazidi kumwaga.

Upande wa mafuta ndo wenye hatari, usiharakishe. Presha inatoka karibu sifuri inaenda kama bar 3, kwa hiyo ule mpira wa kawaida wa kabureta haufai, tafuta mpira wa injeksheni na klempu zake, dukani Gerezani waambie kabisa ni wa presha wasikupe wa kubahatisha. Pampu inasukuma vizuri ila kuvuta haiwezi, iweke chini ya tangi, filta nyepesi kabla yake na filta ya microni 10 baada yake, kwa sababu tundu la injekta ni dogo sana na mafuta ya kidumu yana mchanga na maji. Pampu inapozwa na mafuta yenyewe, so ile tabia ya kuweka ya elfu mbili elfu mbili na kutembelea rizevu ife. Mafuta yanayozidi lazima yarudi tangini, maana yake tundu jipya kwenye tangi, na hapa nakazia: usimpe fundi wa kuchomelea tangi lililowahi kuwa na petroli eti limekauka wiki nzima, mvuke unabaki mle ndani na unalipuka. Nunua tangi la pili ambalo halijawahi kutiwa mafuta, lako libaki salama. Pampu iendeshwe na rilei (swichi ya umeme) inayoamriwa na ECU, injini ikizima na yenyewe inazima. Ukiiunga moja kwa moja kwenye funguo, siku ukianguka na mpira ukachomoka itaendelea kumwaga petroli juu ya ekzosi ya moto. Mtungi wa unga wa kuzimia moto uwe mkononi kabla ya kuwasha mara ya kwanza, sio ndani kwa jirani.

ECU inahitaji kujua injini imefika wapi. Pulsa (sensa ya mzunguko) ya CDI, lile boksi la moto wa plagi, inatoa ishara moja tu kwa kila mzunguko, inatosha kuanzia, so acha CDI ichome kama zamani wewe dhibiti mafuta tu. Kudhibiti moto kuje baadae ukishaweka gurudumu la meno linaloipa ECU ishara nyingi kwa kila mzunguko. Badilisha plagi iwe yenye R kwenye namba yake, zile za NGK utaiona, la sivyo kelele za moto zinaichanganya ECU na utahangaika na sensa ambayo haina kosa.

Throtobodi, ile njia ya hewa yenye kilango inayokaa badala ya kabureta, usichonge mwenyewe. India tangu Aprili 2020 sheria ya moshi ya BS6 imezisukuma pikipiki nyingi kwenye injeksheni, kwa hiyo vifaa vya cc 125 hadi 160 vipo, chukua seti ikiwa na injekta na sensa zake pamoja na soketi za waya. Injekta ya cc 80 hadi 100 kwa dakika inatosha injini ya farasi 12, ukiweka kubwa ya gari sailensa haitatulia kamwe.

Kwa kuseti unahitaji laptop yenye chaji (umeme ukikatika katikati ya kuseti utanikumbuka), programu ya TunerStudio, sensa ya oksijeni ya upana (wideband) na mtu wa kuangalia skrini wakati wewe unaendesha. Lenga uwiano wa hewa kwa mafuta wa 14.7 ukitembea taratibu na kama 12.8 ukifungua yote, na usiiamini sana sensa ikiwa sailensa, ekzosi fupi inavuta hewa ya nje.

Kama pikipiki ni ya biashara na jioni unapeleka hesabu kwa bosi, hii kazi ifanyie pikipiki nyingine, hata iwe kuukuu. Kabureta na manifoldi yake vifunge kwenye mfuko pamoja na bolti zake, usiviuze mpaka umemaliza masika moja bila kulala njiani.