Somo: Kusafisha shaba ya manjano iliyofubaa

Wengi wakiona kitasa, kengele au trei ya shaba imekuwa nyeusi, hukimbilia waya wa kusugulia masufuria. Tafadhali acheni. Ule weusi ni utando mwembamba unaotokana na hewa, unyevu na jasho la mikono, na asidi dhaifu inautoa bila kugusa nakshi. Waya unakula shaba yenyewe.

Kwanza hakikisha ni shaba kweli. Weka sumaku, ikinasa, hicho ni chuma kilichopakwa shaba kwa juu, na asidi itakiletea kutu. Kisha chunguza kama kina vanishi: utaona weusi umekaa kwa mabaka huku sehemu nyingine zikiteleza na kung'aa. Itoe vanishi kwa asetoni, mahali penye hewa na mbali na moto.

Hatua ya 1: Osha kwa sabuni, maji ya uvuguvugu na mswaki laini. Msiruke hapa, kwa sababu mafuta ya vidole huizuia asidi isifike, na mabaka mengi yanaanzia hapo.

Hatua ya 2: Kwenye beseni la plastiki, koroga vijiko viwili vya chakula vya ndimu ya unga kwa kila lita ya maji ya moto ambayo mkono unayavumilia. Vaa glavu.

Hatua ya 3: Zamisha kitu chote kwa dakika tano, kitoe, ukiangalie. Kama bado, kirudishe na ukiangalie kila baada ya dakika mbili. Hapa usiende popote. Shaba hii ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na asidi ikikaa sana huanza kuitoa zinki. Dalili yake ni rangi ya waridi, na mara nyingi huanzia kwenye kingo. Ukiiona tu, toa mara moja. Usisubiri mng'aro ndani ya beseni. Weusi ukilegea inatosha.

Hatua ya 4: Suuza kwa maji mengi, chovya kwenye maji yenye kijiko cha soda ya kuokea, suuza tena. Kausha papo hapo kwa kitambaa cha pamba, ukiingia hadi kwenye mifereji ya nakshi. Mng'aro unaletwa na polishi kidogo na kitambaa laini. Malizia kwa nta nyembamba, hasa kwa vitu visivyoshikwashikwa.

MASWALI

Swali: Fundi, siki na chumvi zinang'arisha kwa dakika chache tu. Mbona hukuzitaja?

Jibu: Zinang'arisha kweli, ndugu yangu. Tatizo ni chumvi. Ikibaki kwenye vitundu na viungo, inaendelea kuila shaba hata ukishamaliza kazi, na baadaye unakuta unga wa kijani pale pale.

Swali: Na dawa zenye amonia?

Jibu: Kwa kitu kilichopindwa au kugongwa kikiwa baridi, hapana. Katika karne ya 19, maganda ya risasi ya jeshi la Uingereza nchini India, yaliyohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi, yalikuwa yakipasuka yenyewe msimu wa mvua. Sababu ilielezwa mwaka 1921: amonia ya mkojo wa farasi, pamoja na unyevu na mkazo uliobaki ndani ya shaba tangu ilipofinyangwa kiwandani. Kwa hiyo soma maelezo kwenye kopo la polishi pia, maana baadhi zina amonia.

Swali: Mimi nina kinara cha kurithi, cha zamani sana. Nakiogopa.

Jibu: Umefanya vizuri kuogopa, dada. Futa vumbi, osha kwa sabuni laini, kausha, basi. Kwa vitu vya kale ule weusi ni sehemu ya thamani yake, na ukishautoa haurudi upesi.

Swali: Maji yaliyobaki yamekuwa ya kijani-buluu. Naweza kumwagilia maua?

Jibu: Hapana, wala usiyapeleke kwenye bwawa la samaki. Rangi hiyo ni shaba iliyoyeyuka. Tia soda mpaka povu liishe, ndipo uyamwage kwenye bomba la maji machafu ukifuatisha maji mengi. Na usitumie maji hayo kusafishia vitu vya chuma: tumbukiza msumari humo na utatoka umevaa shaba.