Mtandao "umekata" lakini ping inajibu: anzia kwenye DNS

"Fundi, mtandao umekata tena, na bando tumelipia juzi tu." Ndivyo alivyonipokea dada wa mapokezi, ofisi moja ya Mwanga, Kigoma: kompyuta saba na seva moja ya mafaili. Simu kama hii ikikufikia, usikimbilie kuzima ruta. Kagua kwanza DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba ambazo kompyuta huzitumia kufikiana.

1. Fungua cmd (dirisha la kuandikia amri kwenye Windows), andika `ping 8.8.8.8`, yaani kuibishia hodi seva ya DNS ya Google uone kama inajibu. Yakirudi majibu manne, kama yalivyorudi pale ofisini, bando lipo na waya ni mzima. Yasiporudi, shida iko kwingine.

2. Andika `nslookup google.com`, kuuliza DNS namba ya jina hilo. Ikikaa kimya hadi muda uishe, iulize seva nyingine ya DNS, ya Cloudflare: `nslookup google.com 1.1.1.1`. Hii ilijibu papo hapo. Maana yake njia ipo, ila anayegeuza majina kuwa namba ndiye amelala.

3. Mjue ni nani. `ipconfig /all`, soma mstari wa DNS Servers, na usome kwenye kila kompyuta, usiridhike na moja. Nne zilikuwa na 192.168.1.1, yaani ruta yenyewe. Hizo zilifungua seva yao, hifadhi.ofisi, lakini tovuti hata moja haikufunguka. Tatu zilikuwa na 8.8.8.8 iliyoandikwa kwa mkono: tovuti zote sawa, seva ya ndani haionekani. Google itaijuaje seva iliyo chini ya meza ya mhasibu? Jina hilo linajulikana na ruta peke yake. (Aliyeziandika hizo 8.8.8.8 ni mimi, siku nina haraka.)

4. Ingia kwenye ruta, ukurasa wa WAN (mipangilio ya upande wa intaneti). Ofisi ilikuwa imehama kampuni ya intaneti, lakini DNS ya kampuni ya zamani ilibaki palepale, na nyingi za namna hiyo huwajibu wateja wao tu. Nikaweka 1.1.1.1 na 8.8.8.8, nikahifadhi.

5. Rudisha zile tatu zichukue DNS zenyewe kutoka kwenye ruta, kisha `ipconfig /flushdns` kwenye zote, la sivyo zitaendelea kukumbuka majibu ya zamani.

Ikisumbua kompyuta moja tu, na nslookup inajibu vizuri ila kivinjari kinagoma, fungua faili la hosts (orodha ya majina na namba zake iliyo ndani ya kompyuta yenyewe) kwenye C:\Windows\System32\drivers\etc. Nslookup hailisomi faili hilo, ndiyo maana huwapoteza mafundi wengi.

Mwisho jaribu majina yote mawili, google.com na hifadhi.ofisi, kwenye mashine zote saba. Ndipo ukubali chai.