Tone la jichoni: jinsi ninavyochanja kuku wa kienyeji dhidi ya mdondo

Jumamosi nilimsaidia jirani kuchanja kuku wake 43. Mara iliyopita alichanja mwenyewe, na mdondo (kideri, au Newcastle) ukapita bandani kama vile hakufanya kitu. Chanjo ilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa dropa, kile kichupa cha kudondoshea chanjo.

1. Nunua chanjo ya I-2, ambayo hapa Tanzania huuzwa kwa jina la TEMEVAC. Ni virusi hai vilivyo dhaifu, na vinastahimili joto kuliko chanjo nyingi za mdondo. Kustahimili si kutokufa: usiiache juani. Nyingine huwekwa kwenye maji ya kunywa, lakini mimi sipendi njia hiyo kwa kuku wanaozurura, maana nusu yao watakunywa kwenye dimbwi.

2. Kamata alfajiri kabla ya kufungua banda.

3. Pima dropa. Hapa ndipo penye kazi, na ndipo nilipopoteza asubuhi nzima mwaka wangu wa kwanza: chupa ya dozi 100 iliniishia kuku wengi wakiwa bado wamo bandani. Vuta mililita 1 ya maji safi kwa bomba la sindano, itie kwenye dropa, kisha hesabu matone hadi iishe. Ukipata 25, dozi 100 zinahitaji mililita 4 za kiyeyusho, yaani maji ya kuyeyushia chanjo. Ukipata 40, ni mililita 2.5. Dropa ishikwe wima, kichwa chini; ukiilaza, tone hubadilika ukubwa na hesabu yako yote inaharibika. Rudia mara mbili. Jirani yangu yeye aliongeza maji "yasije yakapungua". Yalitosha, tena yakabaki, ila kila tone lilibeba virusi vichache mno. Na dropa usiisafishe kwa spiriti wala sabuni, utaua chanjo kabla haijatoka. Maji yaliyochemka yanatosha, ila iache ipoe kwanza.

4. Laza kuku ubavu, tia tone moja jichoni, kifaranga na jogoo dozi ileile. Usimwachie mpaka apepese na tone lizame. Akitikisa kichwa likaruka, tia jingine.

Kwa nini jicho? Nyuma ya mboni kuna tezi ya Harder, iliyojaa seli B (chembe za kinga) zilizokomaa kwenye bursa, kile kifuko kilicho juu ya tundu la haja. Virusi vya chanjo vikizaana kwenye utando wa jicho, seli hizo huanza kutoa kingamwili aina ya IgA, inayomwagika kwenye machozi. Tone nalo hushuka kwa mfereji wa machozi hadi puani na kooni, na huko pia utando wa ute huamka. Mdondo huingia kwa njia hizohizo. Chanjo iliyouawa ya sindano huongeza sana kingamwili za damu, lakini kwenye ute huleta IgA kidogo.

5. Subiri wiki 2 kabla ya kuingiza kuku wageni. Rudia kila baada ya miezi 3 au 4. Aliyekwisha kuugua usimchanje, chanjo si dawa.

Na mtaalamu akipima damu akakuta kingamwili ni za wastani, usikimbilie kuilaumu chanjo. Kipimo hicho hakioni IgA iliyo kwenye machozi.