Kesi ya ubakaji kuanzia nyumbani hadi mahakamani: somo kwa wanachama wa Kigoma

Habari za jioni wanachama. Wengi mmeniuliza swali moja: sheria ipo, mbona watuhumiwa wanarudi mtaani? Nimekuwa msaidizi wa kisheria hapa Kigoma kwa miaka kadhaa, na jibu langu halifurahishi. Adhabu si ndogo. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, mwanaume mzima akitiwa hatiani kwa ubakaji hapungukiwi miaka 30 jela, na akimbaka binti wa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Kesi nyingi nilizoona zikianguka ziliharibika siku tatu za mwanzo, hakimu hajaliona hata jalada. Ndiyo maana huko nitakaa zaidi.

Hatua ya 1: Mtaje. Mtu wa kwanza kuambiwa, awe mama, shangazi au jirani, aambiwe ni nani aliyefanya. Kama hajulikani, aelezwe alivyo: kimo, sauti, nguo, na mwanga ulikuwa wa nini. Katika kesi ya Marwa Wangiti Mwita ya 2002, Mahakama ya Rufani ilisema kumtaja mtuhumiwa mapema kunampa shahidi uzito mkubwa wa kuaminika. Ukikaa kimya wiki mbili bila kueleza sababu, utetezi utaanzia hapohapo. Kama sababu ipo, kwa mfano ulitishiwa kisu, iseme polisi na uiseme tena mahakamani. Na wewe uliyeambiwa kwanza, jua umeshakuwa shahidi.

Hatua ya 2: Usioge, usifue. Najua ninachoomba ni kigumu, maana kitu cha kwanza mwili unachotaka ni maji. Nguo ziwekwe kwenye bahasha ya kaki au zifungwe kwa gazeti. Mfuko wa plastiki hutunza unyevu na ushahidi unaoza.

Hatua ya 3: Tiba na polisi. Dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, za kuzuia mimba ndani ya siku 5, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Ukipitia polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, upewe PF3, yaani fomu ya polisi ambayo daktari huijaza. Fomu hiyo hailipiwi. Lakini kama hali ni mbaya, tangulia hospitali, fomu itafuata. Penye kituo cha Mkono kwa Mkono, daktari, polisi na ustawi wa jamii unawapata mahali pamoja. Ndugu zangu wa vijiji vya mwambao, ambako barabara ni ziwa lenyewe, msingoje boti ya kesho. Anzeni na zahanati iliyo karibu.

Hatua ya 4: Maelezo. Usisaini kabla hujasomewa. Chukua namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, na jina la mpelelezi. Kwa binti wa chini ya miaka 18, beba cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, kwa sababu umri ni sehemu ya kosa na lazima uthibitishwe. Mzazi naye anaweza kuusema kizimbani.

Hatua ya 5: Mahakamani. Mwathirika hahitaji kukodi wakili. Kesi ni ya Jamhuri, yeye ni shahidi. Ushahidi hupokelewa faraghani, na magazeti hayaruhusiwi kuutangaza.

Sasa penye ugumu. Mahakama ya Rufani ilisema katika kesi ya Selemani Makumba, 2006, kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji unatoka kwa mwathirika mwenyewe. Hiyo ni nguvu kubwa, ila inadai maneno. Sisi tumelelewa kwa tafsida: "alinifanyia tabia mbaya", basi, mtu anainamisha kichwa. Kosa la ubakaji linahitaji ithibitishwe kwamba uume uliingia ukeni, japo kidogo sana. Kwa hiyo lisemwe. Majeraha si lazima, wala si lazima uwe ulipigana naye. Sheria inasema hivyo waziwazi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mama. Huku Kasulu wazee wamekaa, mtuhumiwa katozwa mbuzi wawili na baba wa binti kapokea. Kesi si imekufa?*

Marahaba. Haijafa. Wazee, baraza la kata, hata mahakama ya mwanzo, hawana mamlaka na ubakaji. Nendeni polisi hata leo. Mbuzi si fidia. Fidia huamriwa na mahakama juu ya kifungo.

*Mtoto wa miaka 7 ataaminiwa?*

Anaweza. Tangu marekebisho ya 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema kweli na si uongo. Hakimu akiridhika kwamba anasema kweli, anaweza kutia hatiani kwa maneno ya mtoto huyo peke yake. Hakikisheni ahadi hiyo imeandikwa kwenye mwenendo, yaani kumbukumbu za kesi. Nimeona rufaa ikishinda kwa kasoro hiyo tu.

*Dada, PF3 yetu ilifutwa kwenye rufaa eti haikusomwa kwa sauti. Tumekwisha?*

Kielelezo, kama hiyo PF3, kikishapokelewa lazima kisomwe, na hilo lilikuwa jukumu la upande wa mashtaka, si lenu. Ila ushahidi wa binti na wa daktari aliyefika kizimbani unabaki.

*Niko Urambo. Aliyefanya ana miaka 17.*

Hapa sheria inaniudhi. Mvulana wa miaka 18 au chini, kwa kosa la kwanza, adhabu yake ni viboko tu. Msiache kushtaki, lakini msiahidiwe miaka 30.

*Na mtoto wa kiume akifanyiwa hivyo?*

Hilo ni kosa la kulawiti. Mtoto akiwa chini ya miaka 18, adhabu ni kifungo cha maisha. Simu ya mtoto ni 116, bure.

*Samansi imefika jana, kesi ni kesho, boti hakuna.*

Mpigie mpelelezi sasa hivi amwarifu mwendesha mashtaka aombe tarehe nyingine. Usikae kimya: shahidi asipotokea mara kwa mara, kesi hufutwa. Namba ya mpelelezi iko kwenye karatasi ya RB, kama ulimwomba aiandike.