Mitishamba uliyotumiwa kutoka nyumbani: namna ya kumwambia daktari wako ughaibuni

Daktari akiuliza, "Unatumia dawa gani?", wengi wetu hutaja vidonge vya famasia tu. Unga wa mlonge, habasoda, uwatu wa kuloweka, magome aliyotuma mama kwa mtu anayesafiri: hivyo hatuvihesabu kuwa dawa. Lakini mwili unavihesabu, na dozi ya hospitali hupangwa kana kwamba havipo.

Kusema "natumia mitishamba" hakumsaidii daktari. Mwandikie jina la mmea, sehemu inayotumika, inavyoandaliwa, kiasi, mara ngapi, tangu lini na kwa ajili ya nini. Kwa mfano: "Majani ya mlonge, unga mkavu, kijiko kimoja cha chai kwenye uji kila asubuhi, tangu Machi, kwa ajili ya presha." Daktari wa Leeds au Minneapolis huenda hajawahi kusikia neno mwarobaini, ila ukimwandikia Azadirachta indica ataupata mara moja kwenye kompyuta yake. Mlonge ni Moringa oleifera, habasoda ni Nigella sativa, uwatu ni Trigonella foenum-graecum. Kama mti unaujua kwa kilugha tu, mwombe aliyekutumia picha ya jani na ganda. Usikisie, maana jina moja huweza kuwa la mti huu kwenu na la mti mwingine wilaya ya jirani. Siku ya miadi beba kifurushi chenyewe pamoja na vidonge vyako vyote.

Mkalimani muombe unapoweka miadi, si ukishafika. Uingereza huduma ya afya ya umma (NHS) humtoa bila malipo, na Marekani hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kufanya hivyo pia. Mwambie alitamke jina la mmea kama lilivyo, asilifupishe kuwa "majani fulani". Usimtumie mwanao kama mkalimani. Hakuna baba atakayetaja dawa ya nguvu za kiume mbele ya binti yake.

Na dawa hizo hasa ndizo zisizofaa kufichwa. Unga na vidonge vya "asili" vya nguvu za kiume vimekutwa mara nyingi vikiwa na sildenafil (dawa iliyomo kwenye Viagra) ndani, bila kuandikwa popote. Mtu anayetumia dawa za moyo za kundi la nitrati, zile za maumivu ya kifua, akichanganya na hiyo, presha huweza kushuka hadi akazimia au akafa.

Kwenye sukari, tatizo ni jingine. Uwatu, habasoda na karela vinaweza kushusha sukari. Ukivitumia pamoja na insulini au gliclazide (kidonge cha kisukari), sukari huweza kushuka mno, unaweza kutokwa jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa. Kuna pia mtego ambao watu hawauoni: vipimo vikitoka vizuri, daktari anadhani ni dozi yake peke yake imefanya kazi. Kifurushi kikiisha, sukari inapanda na hakuna anayejua kwa nini. Kwa hiyo mwambie unapoanza, na mwambie unapoacha.

Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, ataje vidonge vya kitunguu saumu na tangawizi ya kiasi kikubwa, kwa kuwa huweza kuongeza hatari ya kuvuja damu. Mchicha na sukuma wiki vina vitamini K nyingi, inayopunguza nguvu ya warfarin. Usiviache, kula kiasi kilekile kila wiki ili dozi isiyumbe.

Si mitishamba ya nyumbani pekee. St John's wort, inayouzwa madukani Ulaya na Marekani kwa ajili ya huzuni (Ujerumani huitwa Johanniskraut), hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, warfarin na dolutegravir ya ARV. Dolutegravir inasumbuliwa pia na vidonge vya kalsiamu na madini ya chuma: imeze dolutegravir saa 2 kabla ya vidonge hivyo au saa 6 baada ya hivyo, au vyote kwa pamoja ukiwa unakula.

Mjamzito anayekula udongo aseme, hata kama ni kipande kidogo. Udongo huweza kuwa na madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu, na huzuia mwili kupata madini ya chuma; aombe damu ipimwe yote mawili. Mafuta ya mwarobaini mtoto asinyweshwe kabisa, yamewahi kuwaletea watoto degedege. Na kama mtoto ana chale au alama za kuumikwa, mweleze daktari kabla hajamvua nguo, asije akadhani ni majeraha ya kupigwa.

Miadi ya GP (daktari wako wa kawaida) Uingereza kwa kawaida ni kama dakika 10, kwa hiyo toa karatasi yako mwanzoni, usingoje kuulizwa. Kisha uliza: ipi kati ya hizi inagongana na dawa zangu? Nitenganishe kwa saa ngapi? Dalili gani ikitokea niache? Ni kipimo gani kirudiwe, na lini? Akikuambia "acha zote" bila kuisoma orodha, muulize ni ipi na kwa nini, au ipeleke orodha hiyohiyo kwa mfamasia. Yeye huonwa bila miadi, na kuangalia dawa zinazogongana ni kazi yake ya kila siku. Ukipangiwa upasuaji, mpe orodha daktari wa usingizi mapema, kwa kuwa mitishamba mingi hutakiwa kusimamishwa wiki 2 kabla.

Kifurushi kipya kikifika kutoka kwa muuzaji mwingine, kihesabu kuwa dawa mpya. Kipige picha, andika tarehe ulipoanza, na uirekebishe karatasi kabla ya miadi inayofuata.