Gari la Zamani Ulipendalo: Namna ya Kuamua Kuliuza au Kubaki Nalo

Watu wengi wenye magari ya zamani huchelewa kuamua, na kule kuchelewa kwenyewe hugeuka kuwa uamuzi. Gari huegeshwa chini ya mti, likafunikwa turubai, na mwenyewe akawajibu wanaouliza kwamba bado analifikiria. Mimi nilifanya hivyo kwa miaka sita hapa Mombasa na Peugeot 504 ya marehemu baba, ile yenye safu tatu za viti, nikiamini kwa moyo safi kwamba ninalitunza gari lake. Siku niliponyanyua mpira wa sakafuni upande wa dereva, pale kisigino cha baba kilipokuwa kimeuchimba tundu, niligusa bati kwa ncha ya bisibisi bila kutia nguvu, na bisibisi ikapita moja kwa moja hadi kwenye mchanga. Juu ya bati lililobaki kulikuwa na majani makavu ya mwarobaini, laini kama chai. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya mtu ambaye bado ana nafasi ya kuamua kabla bisibisi yake haijapita.

Jambo la kwanza, basi, ni kujiwekea tarehe. Miezi miwili yatosha kwa uchunguzi wote nitakaoueleza, na baada ya hapo gari liwe ama linauzwa ama liko barabarani, kwa maana hali ya tatu haipo ila kwa jina. Gari lililosimama huharibika kwa namna nyingi kwa pamoja: mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani na kutia kutu ndani ya silinda, petroli iliyolala hugeuka utando wa gundi katika kabureta, mipira ya milango hukauka na kupitisha mvua, panya huzikata nyaya, na turubai, ambalo tunaliona kuwa ni stara, hufungia unyevu juu ya rangi usiku kucha. Kwetu pwani chumvi iliyomo hewani huongeza kasi ya yote hayo, na wenzetu wa Nakuru au Nyeri wenye gari la mwaka uleule huwa na bati zima kuliko letu kwa sababu hiyo tu.

Katika uchunguzi, anza na bodi, wala usianze na injini. Wengi hufanya kinyume, kwa kuwa injini ndiyo inayolalamika kwa sauti, lakini injini hufunguliwa ikafungwa tena, ilhali bodi iliyooza hula fedha bila kuonyesha mwisho wake. Chukua sumaku ndogo, uifunge kwa kitambaa chepesi ili isikwaruze rangi, kisha uipitishe taratibu juu ya madigadi, chini ya milango na kuzunguka matao ya magurudumu. Sumaku ikiteleza pasipo kushika, hapo pana puti chini ya rangi, na swali linalofuata ni kama puti ile inaziba kovu la kugongwa au inaziba tundu. Katika 504 tazama hasa sehemu tatu: pale juu ndani ya boneti ambapo shokapu za mbele zimefungwa, vizingiti vya chini ya milango, na sakafu yenyewe. Ile ya kwanza ndiyo ya kuamua, kwa sababu inabeba uzito wa mbele wote wa gari, na ikiwa imeoza pande zote mbili, fundi wa bodi atakayekwambia ni kazi ya siku mbili hajaielewa. Sakafu kama ya kwetu, hata ikiwa na tundu la kupitisha mkono, hukatwa ikatiwa bati jipya bila kugusa umbo la gari.

Land Rover za zamani, zile za mfululizo uliotengenezwa tangu 1948 hadi 1985, zahitaji jicho jingine. Mabati yake mengi ya nje ni ya aina ya alumini, kwa hiyo sumaku haitashika hata palipo pazima, na mtu huweza kulitazama gari linalong'aa asijue kwamba chesisi iliyo chini yake ni ya chuma na imekwisha. Lala chini, ugonge chesisi kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma, usikilize. Chuma kizima hulia, kilichooza hukohoa. Ya mjomba wangu ilikohoa karibu urefu wote, na tuliiuza mwezi uleule kwa mtu aliyekuwa na chesisi nyingine nzima na aliyehitaji bodi na injini. Sijawahi kujutia uamuzi huo, ingawa nilijifunza kuendesha gari katika ile ile Land Rover.

Baada ya bodi, injini. Mwambie fundi apime mgandamizo wa kila silinda, kisha akuandikie hesabu zote nne kwenye karatasi badala ya kukwambia tu kwamba "iko sawa." Silinda moja ikiwa chini sana ya wenzake, una kazi, zote zikiwa chini kwa kiasi kinachokaribiana, una injini iliyochoka kwa heshima. Hapa wenye 504 wana bahati ambayo wengi hawaijui: injini yake ya petroli ina slivu zinazotoka, yaani mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, kwa hiyo mtu hubadilisha slivu na pistoni kwa seti, bila kulazimika kuichonga bloku yenyewe. Fundi asiyeifahamu injini hiyo atakushauri utafute nyingine, na ushauri huo umepeleka magari mema katika vyuma chakavu. Mtafute fundi aliyeishi na magari hayo, hata kama mikono yake imezeeka na anamwelekeza kijana wa kazi kwa maneno. Kama katika mji wako hayupo hata mmoja, na huna mpango wa kujifunza mwenyewe, hiyo ni hoja nzito ya kuuza, pengine nzito kuliko hali ya gari.

Sasa fungua daftari, maana mali bila daftari huisha bila habari. Andika gharama ya kulifanya gari liwe salama barabarani, yaani breki, matairi, usukani, taa na yale yaliyooza yanayobeba uzito. Rangi na viti viandike ukurasa mwingine, kwa sababu hivyo huweza kusubiri mwaka. Kwa kila kadirio la fundi mimi huongeza theluthi, si kwa kumshuku, bali kwa kuwa gari la miaka hamsini huficha mambo hadi litakapofunguliwa. Kisha andika gharama ya mwaka mzima wa kuwa nalo: bima, ambayo hata ile ya mtu wa tatu ni lazima kisheria kwa gari linalotembea, spea, mafuta, na mahali pa kuliweka penye paa. Mwisho andika bei mbili, bei ya kuliuza kama lilivyo leo na bei ya kuliuza likiwa limetengenezwa. Usizichukue bei hizo kwenye matangazo, kwa sababu tangazo ni ombi la muuzaji. Waulize watu waliokwisha kuuza walipokea kiasi gani mkononi.

Utagundua, mara nyingi, kwamba fedha za kulitengeneza zinazidi tofauti ya bei hizo mbili. Hilo lisikushtue wala lisikuamulie. Lina maana moja tu, kwamba anayelitengeneza hafanyi biashara, analipia kitu anachokipenda, na ni halali mtu kulipia anachokipenda iwapo fedha hizo si karo ya watoto wala si dawa za mzazi. Ikiwa ni hizo, uza, tena uza mapema, kwa kuwa gari linalotengenezwa nusunusu kwa fedha za kuungaunga huishia kuwa fungu la vipande katika gereji ya mtu mwingine.

Kuna jambo moja la Kenya ambalo lapaswa kumzuia anayetaka kuuza kwa hasira ya siku moja. Kwa utaratibu wa kawaida wa viwango vyetu, hairuhusiwi kuingiza nchini gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Kwa hiyo 504 zilizopo, nyingi zikiwa zimeunganishwa hapa hapa Mombasa, ndizo hizo. Kila inayokatwa vyuma au kupelekwa ng'ambo hupunguza hesabu, na wewe ukiuza leo kisha ukajuta baada ya miaka kumi, huwezi kuagiza nyingine kama unavyoagiza gari jingine lililotumika kutoka Japani. Nasema haya kama mtu anayeyapenda magari hayo waziwazi. Ni gari lililozinduliwa 1968, likachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya 1969, likashinda Safari Rally 1975 na tena 1978, na ndilo lililowabeba wazee wetu kutoka Mombasa hadi Nairobi likiwa na mkungu wa ndizi juu ya paa na watoto watano nyuma. Uzito wa historia hiyo ni wa kweli. Hata hivyo haukulazimu wewe kuwa mlinzi wake. Wakulazimu tu kumtafuta mnunuzi atakayeliendesha.

Swali la mapenzi nimeliacha hadi hapa kwa makusudi, kwa kuwa likiulizwa kwanza huyafunika mengine yote. Jiulize unapenda nini hasa. Yupo anayependa kuendesha: gia iliyo kwenye usukani, namna gari linavyoinama taratibu kwenye kona na kumeza mashimo ya barabara ya vumbi. Yupo anayependa kutengeneza, na Jumamosi yake haijatimia bila grisi kwenye kucha. Na yupo anayempenda aliyekuwa akiliendesha. Wawili wa kwanza wana sababu ya kubaki na gari. Wa tatu apaswa kujichunguza zaidi, na njia niliyoiona ikifaa ni kulipeleka gari mbali, kwa ndugu au kwa fundi, kwa mwezi mzima, kisha kutazama nini kinachokosekana nyumbani. Tulipofanya hivyo, mama yetu alisema kwamba yeye halitaki gari. Alichokuwa akikitafuta kwa macho kila alipopita uani ni tasbihi ya baba iliyoning'inia kwenye kioo cha ndani. Tukaileta tasbihi. Tangu hapo tuliweza kulizungumza gari kama gari.

Ikiwa gari ni la marehemu, jua kwamba huenda huna haki ya kuamua peke yako, hata kama funguo zimekuwa mfukoni mwako miaka yote. Maadamu logbuku, yaani hati ya umiliki wa gari, imo katika jina la marehemu, gari ni sehemu ya mirathi, na kabla ya kuuzwa au kuhamishwa kwa halali lazima mirathi ipite mahakamani na msimamizi ateuliwe. Kwa Waislamu hapa pwani wengi hupitia Mahakama ya Kadhi. Kaeni kikao mapema. Ndugu anayetaka kubaki na gari awafidie wenzake hisa zao kwa bei ya gari kama lilivyo leo, wala si kwa bei ya ndoto, na makubaliano yaandikwe na kutiwa sahihi. Nimeona udugu ukivunjika kwa gari ambalo halikuwaka.

Ukiamua kubaki nalo, uamuzi huo huanza wiki hiyo hiyo. Litoe kwenye udongo uliweke juu ya saruji chini ya paa, uondoe turubai la plastiki, ubadilishe mafuta ya breki na mipira yake yote kabla ya kugusa rangi, na uliendeshe kila wiki hadi injini ipate joto kamili, kwa kuwa kuiwasha dakika tano na kuizima huacha maji ndani ya ekzosi na oili. Baada ya kupita barabara za karibu na bahari, lioshe chini kwa maji baridi ya bomba. Nenda pia kwenye maonyesho ya magari ya zamani ya Concours d'Elegance yanayofanyika Nairobi kila mwaka katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Zaidi ya kutazama, huko ndiko utakapowajua watu wenye spea na mafundi wanaoaminika.

Ukiamua kuuza, hakikisha kwanza gari linaonekana katika akaunti yako ya NTSA, mamlaka ya Kenya inayosajili magari, kwa maana magari mengi ya zamani yana karatasi tu na hayamo kwenye mfumo, na mnunuzi mwema atakimbia akiona hivyo. Uhamisho huanzishwa na muuzaji, na usikubali ahadi ya "nitabadilisha jina baadaye," kwani ajali itakayotokea kesho itakutafuta wewe. Hesabu fedha zikiwa zimefika benki, ndipo ukabidhi. Toa pamoja na gari daftari lako, sanduku la spea kuukuu na namba ya simu ya fundi, baada ya kumwomba fundi ruhusa. Mwonyeshe mnunuzi kila palipooza, bisibisi ikiwa mkononi mwako mwenyewe. Na siku ya kuja kulitazama, mwite asubuhi, usiwe umeliwasha kabla hajafika. Aiguse boneti aone ni baridi, aingie, avute choki, aliwashe yeye.