Jinsi ya kuzielewa nahau za Kichina za pini za nywele na mavazi bila kujichoresha

Kama unasoma Kichina, au unafuatilia zile tamthilia zao za kifalme zilizowekewa sauti za Kiswahili, hii shida unaijua: mtu anatamka maneno manne tu, ukumbi mzima unaguna kwa kuelewa, we umebaki umekodoa macho. Hayo maneno manne ndo chengyu, na nyingi sana zimejengwa kwenye vitu vya kuvaa: kofia, mikono ya kanzu, mikanda, sketi, na hasa pini za nywele. Wengi wanazikariri kama orodha ya msamiati halafu baada ya muda zote zimeyeyuka. Mimi nakushauri ufanye kinyume, yaani kabla hujagusa maana jiulize kwanza hicho kitu alikuwa anakivaa nani, na kukivaa au kukivua kulikuwa kunawatangazia watu nini, kwa sababu China ya zamani nguo ilikuwa kama kitambulisho na kila mtu aliisoma.

Tuanze na pini maana huko ndo kuna uhondo.

Majina yake ni matatu. Jī (笄) ndo la kale zaidi, zān (簪) ni pini ya mguu mmoja, inapita kwenye fundo la nywele au inashikilia kofia, na hii wanaume nao walivaa tena sana tu, halafu chāi (钗) ina miguu miwili na ni ya wanawake. Hiyo habari ya miguu ishike, tunairudia sasa hivi.

Pini ikiingia kichwani mara ya kwanza, mtoto amekuwa mtu mzima. Msichana akifika miaka 15 nywele zinakunjwa zinachomekwa pini, ndo maana ukisoma jí jī zhī nián (及笄之年) ujue anaongelewa binti wa miaka 15, mwali aliyefikia umri wa kuposwa, na kama alikuwa hajachumbiwa pini ilisubiri mpaka 20. Mvulana yeye anavishwa kofia akiwa na 20, ndo ile ruò guàn (弱冠). Angalizo hapa, wanahesabu kwa mtindo wa zamani ambao mtoto akizaliwa tu tayari ana mwaka mmoja, kwahiyo 15 yao kwa hesabu yetu ni kama 14 hivi. Na usiende kumwandikia rafiki yako wa miaka 30 kwenye kadi ya birthday kwamba yuko jí jī, watakucheka.

Pini ikitoka, hadhi imetoka. Hii ndo ufunguo wa tuō zān dài zuì (脱簪待罪), vua pini usubiri adhabu. Mfalme Xuan wa Zhou, aliyetawala kuanzia 827 KK, alikuwa analala mapema anaamka jua limeshapanda, kazi za baraza zimelala. Mkewe, Malkia Jiang, hakumpigia kelele. Akavua pini zake, akavua na hereni, akaenda kusimama kwenye kile kichochoro cha jumba la mfalme wanakowekwa wanawake wenye makosa, akamtuma mlezi wake apeleke ujumbe: kosa ni langu, mimi ndo nimemfanya mfalme apende starehe mpaka anachelewa kazini, naomba niadhibiwe. Mfalme akaona aibu, akakiri kosa ni lake, na kuanzia hapo akawa wa kwanza kufika barazani na wa mwisho kutoka. Kwahiyo ukiona kwenye tamthilia mke wa mfalme anaingia nywele zimeshuka mgongoni, hana hata kipini kimoja, usidhani ametoka kuoga, anaomba radhi, tena mara nyingine anasema mfalme ndo mwenye makosa bila kufungua mdomo.

Kwa wanaume ni mantiki ileile. Afisa wa serikali kofia yake ilishikiliwa na pini, kwahiyo chōu zān (抽簪), kuchomoa pini, ni kuacha cheo na kurudi nyumbani. Na zān yīng (簪缨), pini na kamba za kofia, ni ukoo wa wakubwa, zile familia ambazo babu alikuwa waziri, baba waziri, na mtoto naye keshaandaliwa kiti.

Pini ikigawanywa au ikivunjika, mapenzi yameisha au yametenganishwa. Sasa ile miguu miwili ya chāi inakuja hapa: wapenzi wakiachana njia waliivunja katikati, kila mmoja akaondoka na mguu wake, ndo maana pò jìng fēn chāi (破镜分钗), kioo kimevunjwa pini imegawanywa, ni wanandoa waliotengana. Kuna na píng chén zān zhé (瓶沉簪折) iliyotoka kwenye shairi la Bai Juyi wa enzi ya Tang, na hii kiukweli inaniuma kuliko zote. Unavuta chombo cha fedha kutoka kisimani, kinakaribia kufika juu, kamba inakatika. Unasugua pini ya yedi (jade, jiwe la thamani) kwenye jiwe, inakaribia kukamilika, inakatika katikati. Ona ilivyopangwa, vyote viwili vinaharibika mwishoni kabisa, kazi ikiwa imebaki kidogo. Kwahiyo itumie kwa mapenzi yaliyovunjika wakati watu walishaona kama yamefika, ukiitumia kwa mtu aliyeachwa baada ya wiki moja unakuwa umeipoteza.

Pini ikipotea, hapo ni habari ya vitu vya zamani. Confucius, yule mwanafalsafa wao, na wanafunzi wake wakamkuta mwanamke analia kwa uchungu kwenye majani ya bwawani. Kulikoni mama? Akasema alikuwa anakata majani ya kuni akapoteza pini yake, na hiyo pini ilikuwa imetengenezwa kwa shina la majani yaleyale aliyokuwa anakata! Yaani angeinama tu angepata nyingine bure. Mwanafunzi akamuuliza sasa unalilia nini, naye akajibu hailii pini, ila hawezi kusahau kitu alichokaa nacho muda mrefu. Iunganishe na mfalme Zhao wa Chu, ambaye wakati anakimbia vita kiatu kilimvuka, akaenda hatua thelathini halafu akarudi kukiokota, akasema Chu ni nchi maskini sawa, lakini siyo kwamba anaonea uchungu kiatu kimoja, alitaka tu arudi nacho nyumbani. Hizo mbili ndo zimezaa yí zān zhuì jù (遗簪坠屦), pini iliyopotea na kiatu kilichodondoka, unamwambia mtu anayethamini marafiki na vitu vya zamani. Sisi tuna usiache mbachao kwa msala upitao, inakaribiana sana, ila ya kwetu ni onyo na ya kwao ni sifa.

Halafu kuna pini ya mti wa miiba, jīng chāi bù qún (荆钗布裙), pini ya mwiba na sketi ya kitambaa cha kawaida, na hapa lazima umjue Meng Guang wa enzi ya Han ya Mashariki. Vitabu vyao vinamwelezea kama mnene, mweusi, ana nguvu za kubeba kinu cha jiwe, na alikataa wachumba mpaka akafika 30 akisema anamtaka mtu kama Liang Hong, msomi maskini mwenye msimamo. Liang Hong akasikia, akamuoa. Siku ya harusi bibi akaja amepambwa haswa, bwana hakumsemesha siku saba. Siku saba! Alipomuuliza akamwambia nilitaka mke wa kuishi naye milimani kwa nguo za kazi, siyo huyu wa hariri na poda. Meng Guang akajibu nilikuwa nakupima tu msimamo wako, nguo za kazi ninazo, akabadili, akafunga nywele fundo la kawaida, akaanza kazi. Baadaye wakahamia eneo la Wu, bwana akawa anatwanga mpunga kwa ujira, na kila akirudi mkewe anamletea chakula kwa kuinua sinia mpaka usawa wa nyusi, ndo jǔ àn qí méi (举案齐眉), wanandoa wanaoheshimiana. Stori moja, nahau mbili, na juu yake unapata zhuō jīng, namna ambayo wanaume wa zamani walivyomtaja mke wao kwa unyenyekevu, "mwiba wangu huyu asiyejua kitu". Siku hizi ukilisema utaonekana umetoka kaburini, na mkeo mwenyewe akijua maana utalala sebuleni. Jīng chāi bù qún nayo itumie kuelezea, mfano mhusika wa hadithi, usimwambie mwenyeji wako aliyevaa akapendeza kwa ajili yako.

Kuhusu kumtaja mwanamke kwa vazi lake, qún chāi (裙钗), sketi na pini, ni wanawake kwa ujumla, na jīn guó (巾帼), kilemba cha wanawake, nayo hivyohivyo. Hii ya pili ina historia ya kichekesho kwa sababu mwaka 234 Zhuge Liang akiwa vitani alimtumia jemadari adui yake, Sima Yi, kilemba na nguo za kike ili amtukane na atoke ngomeni apigane, Sima Yi akavumilia hakutoka, na Zhuge Liang akafa mwaka huohuo. Leo lile tusi limegeuka sifa: jīn guó bù ràng xū méi (巾帼不让须眉), vilemba haviwapishi wenye ndevu na nyusi, yaani wanawake hawazidiwi na wanaume, na kila tarehe 8 Machi utaiona kwenye mabango. Hii itumie bila woga.

Kofia nitaenda fasta. Zhāng guān lǐ dài (张冠李戴), kofia ya Zhang kavaa Li, ni kuchanganya ya huyu na ya yule, mfano kumpa mtu maneno yaliyosemwa na mwingine. Nù fà chōng guān (怒发冲冠) ni hasira mpaka nywele zinasukuma kofia. Mù hóu ér guàn (沐猴而冠), nyani kavaa kofia, ilimgharimu mtu roho: mwaka 206 KK jemadari Xiang Yu aliteketeza Xianyang, mji mkuu wa Qin, halafu akataka kurudi kwao Chu, akisema kupata utajiri usirudi nyumbani ni sawa na kutembea usiku umevaa hariri, nani atakuona? Jamaa mmoja akasema kweli hawa watu wa Chu ni nyani waliovalishwa kofia. Xiang Yu akasikia, akamchemsha kwenye sufuria. Kwahiyo mazungumzo ya siku moja yametoa nyani na hariri, ambayo sasa ni jǐn yī yè xíng (锦衣夜行). Wanaofanya HSK, ule mtihani wa Kichina, muangalie toni, kofia kama kitu ni guān, kuvaa kofia ni guàn, herufi ni ileile.

Mikono ya nguo ukitaka kuielewa kumbuka ilikuwa mirefu na mipana na watu waliweka vitu humo kama mfukoni. Liǎng xiù qīng fēng (两袖清风), mikono yote miwili ina upepo safi tu, ni kiongozi asiyekula rushwa, na inahusishwa na Yu Qian wa enzi ya Ming, ambaye wenzake walienda mji mkuu na zawadi za kuwapa wakubwa, yeye akasema anapeleka upepo. Sisi tunasema mkono mtupu haulambwi, wao wamemtungia mwenye mkono mtupu sifa, hapo ujiongeze mwenyewe. Cháng xiù shàn wǔ (长袖善舞), mwenye mikono mirefu anacheza vizuri, ni mwenye mtaji na watu wake, ila siku hizi ina harufu ya ujanjaujanja. Xiù shǒu páng guān ni kukunja mikono ndani ya nguo ukaangalia tu mwenzako akizama. Zhuō jīn jiàn zhǒu (捉襟见肘), ukivuta nguo mbele kiwiko kinatokeza, ni bajeti ya Januari kabisa. Na qún dài guān xì (裙带关系), undugu wa mkanda wa sketi, ni ajira za shemeji na wakwe, hii sina haja ya kuieleza.

Sasa kutumia. Maneno manne hayachomekwi kitu katikati na hayageuzwi mpangilio. Yanaweza kukaa kama kiarifu, tā liǎng xiù qīng fēng, au yakatangulia nomino kwa kile kineno cha kuunganisha, de. La pili, angalia kamusi imeandika 褒 au 贬, sifa au kejeli, kwa sababu maana ya juujuu inadanganya. Yī guān chǔ chǔ (衣冠楚楚) ni mtu kavaa nadhifu, lakini yī guān qín shòu (衣冠禽兽), mnyama kavaa nguo na kofia, ni tusi zito la mbwa mwitu kwenye ngozi ya kondoo, siyo utani wa kwenye group. Na mtego mkubwa ni tán guān xiāng qìng (弹冠相庆), kupangusa vumbi kwenye kofia na kupongezana, ilianza vizuri kabisa kwa Wang Ji na Gong Yu wa Han ya Magharibi, mmoja akipata cheo mwenzake anapangusa kofia maana anajua naye ataitwa, ila leo inatumika kwa wabaya wanaosherehekea kugawana ulaji, kwahiyo mwenzako akipandishwa cheo mwambie tu gōng xǐ gōng xǐ, yaani hongera.

Na ukienda kupiga picha umekodi hanfu, lile vazi la jadi la Kichina, ubavu wa kushoto unalala juu ya wa kulia, anayekutazama aone kama herufi y. Kinyume chake ni zuǒ rèn, ambayo Confucius aliitaja kama vazi la wasio Wachina, akisema bila Guan Zhong, waziri maarufu wa zamani, wote wangekuwa na nywele zilizoachiwa na nguo zilizofungwa kushoto, na pia ndivyo maiti walivyovishwa. Mwenye duka akikurekebisha usinune.